Bei ya Muda: Somo la Kwanza la Opsheni za Hisa

Kozi nyingi za opsheni zinazouzwa leo kwa vijana kupitia WhatsApp, Telegram na YouTube huanza na mchoro uleule. Ukiona hisa itapanda, nunua opsheni ya kununua. Ukiona itashuka, nunua opsheni ya kuuza. Ukikosea, hasara yako haitazidi ada uliyolipa. Maelezo hayo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli yanapotosha kwa urahisi zaidi kuliko uongo, kwani humwachia mwanafunzi imani kwamba kazi yake yote ni kubashiri upande ambao bei itaelekea. Ninashikilia kwamba mafunzo hayo yameanza mwisho. Jambo la kwanza kulielewa ni bei ya opsheni yenyewe: inalipia nini, nani ameipanga, na hisa lazima isogee kiasi gani, ndani ya siku ngapi, ili mnunuzi arudishe fedha zake tu. Asiyeweza kujibu maswali hayo anaweza kubashiri upande kwa usahihi mwezi baada ya mwezi na bado akafilisika.

Opsheni ni haki inayouzwa. Aliye na opsheni ya kununua ana haki, bila kulazimika, ya kununua hisa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba hadi tarehe fulani. Aliye na opsheni ya kuuza ana haki ya kuuza kwa bei hiyo. Aliyewauzia haki hizo amebaki na wajibu: akitakiwa kutoa hisa atatoa, akitakiwa kuzinunua atazinunua, hata kama bei ya siku hiyo inamuumiza. Aliyewahi kuweka arbuni ya kiwanja ameshauona mkataba unaofanana na huu. Mwenye kiwanja anakusubiri hadi mwisho wa mwezi kwa bei mliyokubaliana, hata akijitokeza mwingine mwenye fedha nyingi zaidi, na usiporudi arbuni inakuwa yake. Kuna tofauti moja kubwa, nayo nitairudia huko mbele: arbuni huhesabiwa ndani ya bei ya kiwanja unapomaliza kulipa, ilhali ada ya opsheni haihesabiwi. Imelipwa kwa ajili ya kusubiriwa, na imekwenda. Hapo ndipo lilipo swali linalorukwa na kozi nyingi. Kusubiriwa kwa siku 30 kuna thamani gani?

Kwa muda mrefu hakukuwa na jibu la kuaminika. Opsheni za hisa Marekani ziliuzwa na madalali mmoja mmoja, kila mkataba na masharti yake, na bei ilitokana na mapatano ya pande mbili. Tarehe 26 Aprili 1973 lilifunguliwa Chicago soko la kwanza lenye mikataba ya aina moja, Chicago Board Options Exchange. Lilianza na opsheni za kununua pekee, kwa hisa za kampuni 16, na siku hiyo mikataba 911 ilibadilisha mikono. Opsheni za kuuza zilisubiri hadi 1977. Mwaka huohuo wa 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni yao ya kukokotoa bei ya opsheni, na Robert Merton akaipanua. Scholes na Merton walitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amefariki mwaka 1995. Kanuni hiyo inahitaji vitu vitano: bei ya hisa leo, bei ya mkataba, muda uliobaki, kiwango cha riba, na mtikisiko wa bei ya hisa, yaani upana wa kupanda na kushuka kwake. Vinne vya kwanza viko wazi kwa kila mtu. Cha tano hukadiriwa.

Tazama kilichokosekana kwenye orodha hiyo. Hakuna mahali ambapo kanuni inauliza kama hisa itapanda au itashuka. Matarajio hayo tayari yamo kwenye bei ya hisa ya leo. Kinachobaki cha kuuziana ni muda na mtikisiko. Kwa hiyo kijana anayesema amenunua opsheni kwa sababu kampuni fulani "itapanda tu" ameingia sokoni na jibu la swali ambalo aliyemuuzia hakuliuliza. Muuzaji, ambaye mara nyingi ni kampuni yenye kompyuta zinazopanga bei upya mara nyingi ndani ya sekunde moja, amekadiria mtikisiko na kuutoza. Akitaka kujikinga dhidi ya upande, hununua au kuuza hisa zenyewe kiasi kinacholingana na mkataba, kisha huendelea na kazi yake.

Mfano wa kufikirika utaonyesha uzito wa jambo hili. Hisa inauzwa dola 50, mtikisiko wake ni asilimia 40 kwa mwaka, na riba tuiache pembeni. Ukifungua jedwali la opsheni kwenye programu ya dalali wa Marekani utaona safu ya bei za mkataba katikati, 48, 50, 52, 54, opsheni za kununua zikiwa kushoto na za kuuza kulia. Kwenye mstari wa 52, zikiwa zimebaki siku 30, kanuni inatoa takriban dola 1.50. Kwa kweli utakuta bei mbili, pengine 1.40 kwa anayetaka kuuza na 1.60 kwa anayetaka kununua, na pengo hilo ni gharama inayolipwa kabla ya lolote kutokea. Lakini tuchukue 1.50. Mkataba mmoja hubeba hisa 100, kwa hiyo umetoa dola 150. Siku 15 zinapita na hisa haijasogea. Opsheni yako sasa ina thamani ya senti 84 hivi kwa hisa: karibu asilimia 44 ya fedha imeyeyuka bila wewe kukosea lolote kuhusu upande. Au tuseme ulipatia. Siku 20 zimepita na hisa imepanda hadi dola 51. Opsheni ina thamani ya senti 92, nawe umepoteza dola 58 kwenye hisa iliyopanda. Ikifika siku ya mwisho hisa iko dola 53, yaani imepanda asilimia 6 ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo mwenye hisa angelifurahia sana, opsheni yako inalipa dola moja kwa hisa na umepoteza theluthi ya ulichotoa. Ili urudishe fedha zako tu, hisa ilipaswa kufika 53.50.

Hali huwa kali zaidi kampuni inapotangaza matokeo ya robo mwaka, na ndiyo siku inayopendwa na wanaoanza kwa sababu wanatarajia mruko. Wauzaji nao wanautarajia. Kabla ya tangazo mtikisiko unaotozwa ndani ya bei hupanda. Baada ya tangazo, jambo lililokuwa halijulikani linajulikana, na mtikisiko huo huanguka ndani ya usiku mmoja. Turudi kwenye mkataba wetu wa dola 52, ukiwa umebaki na siku 10, hisa ikiwa 50 na mtikisiko umepandishwa hadi asilimia 60. Bei yake ni kama dola 1.17. Matokeo yanatoka mazuri, hisa inapanda hadi 51, na mtikisiko unashuka hadi asilimia 30. Asubuhi opsheni ina thamani ya senti 55. Habari ilikuwa njema, hisa imepanda asilimia 2, na mnunuzi amepoteza zaidi ya nusu. Mtu aliyefundishwa upande pekee atalaumu bahati, dalali au "wakubwa wa soko". Bei ile ilikuwa imemweleza mapema kwamba mruko wa asilimia 2 hautoshi, ila hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Ushahidi wa kwamba haya hayaishii kwenye karatasi unatoka India, ambako mamlaka ya masoko ya mitaji, SEBI, imefanya jambo ambalo wasimamizi wachache wamelifanya: imezihesabu faida na hasara za watu binafsi na kuzichapisha. Ripoti ya Januari 2023 ilionyesha kwamba watu 9 kati ya 10 waliocheza kwenye soko la opsheni na fyucha za hisa (fyucha ni mkataba unaozilazimisha pande zote mbili kuuziana baadaye kwa bei iliyopangwa leo) katika mwaka wa fedha wa 2021/22 walipata hasara. Ripoti ya Septemba 2024 ilichukua miaka mitatu na watu zaidi ya milioni 10: asilimia 93 walipata hasara, kwa wastani wa rupia 200,000 hivi kila mmoja pamoja na gharama, na jumla ikapita rupia trilioni 1.8. Ni mtu mmoja tu katika kila 100 aliyepata faida inayozidi rupia 100,000 baada ya gharama. Ripoti hiyohiyo ilitazama upande wa pili. Waliopata faida walikuwa kampuni zinazofanya biashara kwa mtaji wao wenyewe na wawekezaji wakubwa wa nje, na karibu faida yao yote ilitoka kwenye biashara inayoendeshwa na programu za kompyuta. Hao ndio wanaoipanga bei ya mtikisiko. Wananchi wa kawaida walikuwa wakiilipa bila kuipima.

Atakuja mtu na pingamizi la haki: hata hisa za kawaida zina hasara, na wengi wa hao wa India huenda walikosa nidhamu tu. Nidhamu ina nafasi yake, na SEBI yenyewe ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya waliopata hasara waliendelea kucheza. Lakini hisa na opsheni hazina uwanja mmoja. Wenye hisa wote kwa pamoja wanaweza kupata faida, kwa kuwa nyuma ya hisa kuna kampuni inayouza bidhaa, inayolipa gawio na kukua. Opsheni haina chemchemi hiyo. Dola ninayoipata kwenye mkataba imetoka kwa aliye upande wa pili, na wote wawili tumeshalipa ada za dalali na pengo la bei. Katika uwanja wa namna hiyo nidhamu bila kujua bei humsaidia mtu kupoteza polepole. Na ile faraja ya kwamba hasara haizidi ada huficha kwamba hasara ya ada nzima, asilimia 100, ni tukio la kawaida kabisa hapa. Mwenye hisa anaweza kukaa miaka mingi bila kuliona.

Pingamizi la pili ni la werevu zaidi, na sasa lina walimu wake: kama muda unamla mnunuzi, basi uwe muuzaji. Huambatanishwa na takwimu inayorudiwa kila mahali, kwamba asilimia 90 ya opsheni huisha bila thamani. Takwimu hiyo ni potofu. Imetokana na kuona kwamba ni takriban sehemu moja katika kumi tu ya mikataba inayotekelezwa, kisha kudhani iliyobaki yote ilikufa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa hufungwa kabla ya tarehe ya mwisho kwa kuuzwa au kununuliwa tena, mingine kwa faida na mingine kwa hasara. Hoja yenyewe, hata hivyo, ina chembe ya ukweli, kwani muuzaji hupokea ada na siku zinamfanyia kazi. Tatizo lake ni umbo la hasara. Mwaka 1995 Nick Leeson, aliyekuwa Singapore kwa niaba ya benki ya Barings, alikuwa ameuza kwa wingi opsheni za kununua na za kuuza kwenye faharasa ya Nikkei ya Japani, biashara inayolipa soko likitulia. Tarehe 17 Januari tetemeko la ardhi lilipiga Kobe. Soko likaanguka, naye akajaribu kuliinua kwa kununua fyucha nyingi zaidi na zaidi, ambazo ndizo zilizochimba sehemu kubwa ya shimo. Hasara ilifika pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikauzwa kwa kampuni ya ING kwa pauni moja. Sisemi kila muuzaji wa opsheni ni Leeson. Anayeuza opsheni ya kununua juu ya hisa ambazo tayari anazo, kwa bei ambayo angeridhika kuziuza, anafanya jambo la kueleweka. Lakini hata yeye hawezi kujua kama ada aliyopokea inatosha mpaka ajiulize swali lilelile: mtikisiko huu umethaminiwa sawasawa?

Wapo wanaotetea opsheni kama bima, na hapa nakubaliana nao; ndiyo matumizi yake yenye heshima zaidi. Mwenye hisa 100 za dola 50 anaweza kununua opsheni ya kuuza kwa dola 47, na kwa mwezi mzima hasara yake itakoma hapo, hata kampuni ikianguka kabisa. Ila bima nayo ina bei. Kwa mtikisiko wa asilimia 40 kinga hiyo inagharimu takriban dola moja kwa hisa, yaani dola 100 kwa mwezi kwa mali ya dola 5,000. Akiinunua kila mwezi atakuwa ametumia dola 1,200 hivi kwa mwaka, karibu robo ya mali anayoilinda. Kwa mtu anayesubiri hukumu ya mahakama au tangazo la dawa mpya, dola 100 kwa mwezi mmoja inaweza kuwa akili timamu. Kwa mwenye kutaka usingizi wa mwaka mzima, kuuza nusu ya hisa ni nafuu zaidi. Hakuna mchoro wa mshale wa juu na chini unaoweza kumfikisha kwenye uamuzi huo.

Kwa wasomaji wengi wa pwani, Zanzibar na Oman kuna swali linalotangulia yote haya, la uhalali wa kidini, na si haki kulipita kimya. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Jeddah mwaka 1992 na kuamua kwamba mikataba ya opsheni kama inavyofanywa kwenye masoko ya dunia haijuzu, kwa kuwa kinachouzwa si mali, wala manufaa, wala haki ya kifedha inayoweza kubadilishwa kwa malipo. Hapa ndipo tofauti ya arbuni niliyoitaja inapopata uzito. Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu arbuni, wanazuoni wengi wa madhehebu mengine hawakuiruhusu, na wanaotafuta njia ya halali hujaribu kujenga mkataba ambamo malipo ya mwanzo ni sehemu ya bei. Mimi si mwanazuoni na sitoi fatwa. Ninachokiona ni kwamba baraza lile liliuliza swali ambalo darasa la opsheni lilipaswa kuanza nalo, la ni kitu gani hasa kinachouzwa kwa ile ada, na mtu anayeliuliza kwa dhati, hata akiishia kujiepusha kabisa, amekielewa kitu hiki kuliko mwenye programu tatu za biashara kwenye simu yake.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mkanganyiko mwingine wa hatari. Wengi walilisikia neno opsheni kwanza kupitia programu za opsheni za ndiyo au hapana, ambamo unabashiri kama sarafu fulani itakuwa juu au chini baada ya dakika chache. Ukipatia unalipwa, tuseme, asilimia 80. Ukikosea unapoteza yote. Kwa malipo hayo lazima upatie zaidi ya mara 55 katika kila 100 ili usipoteze, na mara nyingi aliye upande wa pili ni mwenye programu mwenyewe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzia watu binafsi bidhaa hizo Julai 2018, na Uingereza ikafuata kwa marufuku ya kudumu Aprili 2019. Kuziita kwa jina moja na mikataba ya Chicago kumewafaidi wauzaji pekee. Mchezo wa dakika tano hauna jambo la kusoma zaidi ya upande, na mtu aliyezoeshwa nao huenda kwenye soko halisi akiwa na tabia hiyohiyo. Soko halisi nalo limesogea kumpokea: tangu 2022 faharasa ya hisa za Marekani iitwayo S&P 500 ina opsheni zinazoisha kila siku ya kazi, na zile zinazokufa siku hiyohiyo zinaponunuliwa zimefikia zaidi ya asilimia 40 ya mikataba yake.

Je, hesabu hizi ni za wataalamu tu? Sikubali. Kanuni kamili tuziachie kompyuta. Mwanafunzi anahitaji tarakimu moja na mgao mmoja. Kila jedwali la opsheni lina safu ya mtikisiko uliomo ndani ya bei. Ugawe mtikisiko huo kwa 3.5 na utapata takriban mwendo ambao soko linautarajia kwa mwezi mmoja. Ugawe kwa 16 na utapata wa siku moja. Asilimia 40 inakuwa kama 11.5 kwa mwezi, yaani dola 5.80 hivi, juu au chini, kwa hisa yetu ya dola 50, na soko linaona theluthi mbili ya uwezekano ikiwa ndani ya mipaka hiyo. Sasa mnunuzi ana swali la kweli la kujibu: ana sababu gani ya kuamini kwamba hisa itasogea kuliko hivyo, na kabla ya tarehe hiyo? Ningependa kila anayeanza aliandike jibu lake kwenye daftari kwa miezi kadhaa, hisa baada ya hisa, bila kununua mkataba hata mmoja, kisha alinganishe na kilichotokea. Wengi watagundua kwamba hawakuwa na sababu yoyote, na ugunduzi huo utakuwa haujawagharimu hata senti.

Soko la hisa la Nairobi lilifungua jukwaa lake la NEXT Julai 2019 likianza na fyucha, na Kenya tayari ina kanuni za mwaka 2017 za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, kwa hiyo njia ya wananchi wa kawaida kufikia opsheni imeshafunguliwa. India ilisubiri hadi hasara zimezidi ndipo, Oktoba 2024, SEBI ikapandisha thamani ya chini ya mkataba mmoja wa faharasa hadi rupia milioni 1.5 na kuliwekea kila soko kikomo cha faharasa moja kwa opsheni zinazoisha kila wiki. Wasimamizi wetu wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali wanaweza kuanza mapema na kwa jambo rahisi zaidi: kila dalali atakayemuuzia mtu binafsi opsheni alazimishwe kuonyesha, kwa maandishi makubwa kabla ya kitufe cha kununua, bei ambayo hisa lazima ifike ili mteja arudishe fedha zake, siku zilizobaki, na mwendo ambao soko linautarajia ndani ya siku hizo.